Fundi Anarudi Pasua

Ukuta huu niliujenga mimi.
Mwaka ule mahindi yaliungua yakiwa yamesimama shambani,
na Aikaeli alinilipa nusu taslimu, nusu mikungu ya mshare.
Matofali mia nne na arobaini.
Nayajua idadi kwa sababu mwanangu Namsifu alikuwa anajifunza kuhesabu,
alikaa juu ya lundo la mchanga akiyataja moja moja,
akikosea baada ya themanini na tisa.

Chini ya msingi palikuwa na mfongo.
Si mto. Usidhani mto.
Ni mkato wa jembe tu, upana wa mbuzi wawili,
uliochimbwa na watu ambao hawakuota kama Moshi itafika huku chini.
Walishusha maji toka mlimani kwa zamu,
leo ukoo huu, kesho ule,
na mwizi wa zamu alilipa mbege, debe zima.
Siku napima msingi ulikuwa mkavu, una majani na kandambili moja.
Nikauliza, "Na huu?"
Aikaeli akasema, "Huo umeshakufa."
Nikamwaga zege juu ya marehemu.

Masika ya kwanza maji yalifika kizingitini, yakarudi kama mgeni aliyekosea nyumba.
Masika ya tatu yaliingia kwa Nakijwa.
Masika ya sita mtaa mzima ulilala shuleni,
watoto juu ya madawati, wakubwa wamesimama,
na mtu akachemsha chai kwa kuni za ubao wa matangazo.
Kila mmoja aliulaumu mlima, au Manispaa, au Mungu, kwa sauti ya chini.
Jina langu halikutajwa.
Mimi ndiye niliyekuwa nagawa vikombe.

Ramani ililetwa, safi, ina barabara zenye namba.
Mfongo haumo.
Ndipo Namsifu, sasa ana miaka ishirini na miwili na futi kamba yake mwenyewe,
akaanza kupita mlango hadi mlango na swali moja:
maji yalifika wapi?
Huyu akaonyesha goti. Yule kiuno.
Nakijwa hakusema kitu, alishusha picha ya harusi yake ukutani:
mstari wa tope umepita shingoni mwa bwana harusi,
bibi harusi, aliyekuwa mfupi, haonekani.
Mwanangu akaunganisha nukta kwenye karatasi ya manila.
Zote zikaja kuniangukia mimi.
"Baba," akasema, "ukuta huu umejengwa vizuri mno."

Mikutano minne.
Aikaeli alikuja na hati yake ndani ya mfuko wa nailoni,
hakuifungua, aliipapasa tu.
Hatua tatu za kiwanja, mjini, ni ada ya mtoto, ni chumba cha kupangisha.
Hakugeuka malaika.
Alitaka jiko jipya, alitaka mpera usiguswe,
alitaka isiandikwe popote kwamba alikosea.
Mtaa ukachanga: mifuko saba ya saruji, bati nne zilizotumika,
vijana wa bodaboda wakaahidi mawe, wakaleta kweli, usiku, hatukuuliza yametoka wapi.
Na kwa kazi ya kubomoa
mikono yote ikanionyesha.

Pasua. Jina la mahali ni amri,
nami nimechelewa kuitii miaka kumi na saba.

Nyundo inadunda, inarudi na maumivu begani.
Ujana wangu uliniwekea uwiano mzuri, unanikomesha.
Matofali yanayotoka mazima nayapanga kivulini,
yatafaa jiko. Namsifu anayahesabu, kimya safari hii,
midomo tu inacheza.

Ni Septemba. Vumbi limekaa hadi kwenye kope.
Nimeng'oa jiwe la mwisho la msingi, nikaweka kiganja chini yake:
pamelowa.
Nikamwita Aikaeli aje aguse.
Akasema anaona kutoka hapo alipo.
Akasema niendelee, jua lisije likanikuta na kazi nusu,
na mkewe ameshaweka maji ya chai.